Kidole kimepimwa, kazi haijapimwa: barua ya wazi kuhusu kipato cha daktari aliyepata ulemavu

Kwa Waziri wa Afya. Waziri mwenye dhamana ya kazi. Kamishna wa Bima. Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Na uongozi wa Chama cha Madaktari Tanzania.

Waheshimiwa,

Barua hii haihusu matibabu. Daktari akiumia au akiugua katika nchi hii, wenzake hukesha naye, na mara nyingi hutoka wodini akitembea. Inahusu mwezi wa tatu, wa tisa na wa thelathini baada ya hapo: jeraha limefunga, mgonjwa karuhusiwa, lakini mkono ule hauwezi tena kushona mshipa wa damu. Kwa jirani anaonekana mzima. Kwenye chumba cha upasuaji hana kazi.

Kila jambo hili linapofikishwa kwa waajiri, jibu la kwanza ni lile lile: mbona wana bima ya afya? Bima ya afya, pamoja na hii ya Bima ya Afya kwa Wote iliyotungiwa sheria mwaka 2023, humlipa aliyekutibu. Bima ya kipato inakulipa wewe uliyelala, kila mwezi, badala ya mshahara uliokatika. Kadi ya bima ya afya hailipi kodi ya nyumba. Wala bima ya mkopo, ile ambayo mtumishi hukatwa siku anapochukua fedha benki, haimsaidii kula: ikilipa, inailipa benki. Bima ya ajali ya kikundi, ambayo baadhi ya hospitali binafsi huwakatia watumishi wao, husubiri ajali. Kiharusi si ajali, wala saratani, wala pingili ya shingo iliyochoka baada ya miaka 15 ya kuinama juu ya meza ya upasuaji.

Kilichopo kisheria si haba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Neno linalosahaulika hapo ni "mzunguko". Aliyetumia siku 50 mwaka jana kwa ugonjwa mwingine haanzi upya mwaka huu. Amebakiwa na 13 tu za mshahara kamili.

Kisha upo Mfuko wa Fidia, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri anachangia, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi asilimia 0.5 iliyo sawa na ya serikali. Aliyeumia kazini au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi hutibiwa, hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda asioweza kufanya kazi hadi miezi 24, na ulemavu ukibaki wa kudumu hupimwa kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini, analipwa mkupuo. Ukizidi hapo, analipwa pensheni ya kila mwezi.

Tupige hesabu, maana hoja yetu yote imekaa humo. Chukueni daktari bingwa wa upasuaji mwenye miaka 38 na mshahara wa shilingi 3,000,000. Amekatwa na kifaa akiwa kazini, na mshipa wa fahamu wa kidole gumba cha mkono wa kulia haukupona sawasawa. Tuseme wapimaji wamempa ulemavu wa asilimia 10. Kikokotoo cha mkupuo ni mshahara mara asilimia 70, mara miezi 84, mara asilimia ya ulemavu. Asilimia 70 ya 3,000,000 ni 2,100,000. Mara 84 ni 176,400,000. Asilimia 10 yake ni 17,640,000. Fedha hiyo haifiki mishahara sita. Mbele yake, hata tukihesabu kustaafu akiwa na miaka 60, kuna miezi 264.

Kwa mhasibu mwenye jeraha lile lile, 17,640,000 ni fidia ya haki: kidole kinamsumbua kidogo na kazi inaendelea. Kwa daktari wa upasuaji, asilimia 10 ya mwili imechukua asilimia 100 ya fani. Jedwali linauliza kiungo gani. Halijui kiungo ni cha nani.

Na si vidole tu. Daktari wa usingizi aliyepata kifafa ukubwani, hata kama degedege limedhibitiwa kwa vidonge, hawezi kuachiwa peke yake pumzi ya mtu mwingine. Mtaalamu wa kusoma picha za mionzi aliyepoteza uwezo wa kuona katikati ya jicho, mkunga mkuu mwenye mzio wa mpira wa glavu uliofikia kubana kifua, daktari wa macho mwenye mtetemo wa mikono ambao mezani unamwaga chai kidogo tu: hawa wote wakienda kwenye jedwali la viungo watarudi na asilimia ndogo. Wa mwisho tunayemtaja ndiye anayefundisha zaidi. Daktari wa upasuaji mwenye virusi vingi vya homa ya ini B anaweza asiumwe popote. Anakula, anakimbia, anacheza mpira na watoto. Lakini Uingereza, kwa mfano, wingi wa virusi hivyo kwenye damu ukizidi kiwango kilichowekwa, anazuiwa kufanya upasuaji wa ndani mpaka dawa zivishushe. Mwili wake hauna ulemavu wowote. Kazi yake imesimama.

Kuna tundu la pili, kubwa kuliko hili. WCF inalipa kilichotokana na kazi, na ndivyo sheria yake ilivyoundwa. Ajali ya Jumapili akienda harusini haimo. Kiharusi cha nyumbani hakimo. Sonona ni ngumu mno kuithibitisha kuwa imeletwa na kazi. Na popote bima ya kipato inapouzwa, madai mengi ya muda mrefu huletwa na maradhi, si ajali. Anayeangukia hapo hubakiwa na fao la ulemavu la mfuko wa pensheni, PSSSF au NSSF, ambalo hutazama historia ya michango. Daktari amesoma mpaka miaka 26, kakaa utarajalini (mafunzo ya kazini baada ya chuo), pengine kasubiri ajira. Akiugua na miaka 33, michango yake ni michache na kinachotoka kinafanana nayo. Wakati huo bado anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurudisha mkopo wa elimu ya juu.

La tatu ni mshahara upi unahesabiwa. Madaktari wengi wana kituo kimoja cha ajira na viwili vya jioni. Fidia hufuata mshahara uliotangazwa na mwajiri anayechangia. Posho ya kuitwa usiku isiyo ya kudumu, malipo ya kila mgonjwa kwenye kliniki ya jioni, fedha ya kushika zamu ya mwenzako hospitali ya mtaa wa pili, vyote hivi vinaweza kuwa nusu ya matumizi ya nyumba na visionekane popote. Na mwenye kliniki yake, asiyeajiriwa na mtu, yuko nje ya mfuko kabisa.

Wako pia vijana wa kujitolea. Hospitali nyingi za wilaya zinasukuma wodi kwa madaktari waliomaliza utarajali na wanasubiri ajira, wakipewa nauli na chai. Wanachoma sindano zile zile na wanashika damu ile ile. Orodha ya mishahara inayopelekwa WCF haina majina yao.

Tukae kidogo kwenye sindano, kwa sababu hapa ndipo madai yanapofia, tena kwa jambo dogo.

Daktari akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takribani watatu kwa kila matukio 1,000. Homa ya ini C imekadiriwa kwa miaka mingi kuwa karibu wawili kwa 100, ingawa makadirio ya karibuni ni madogo zaidi. Homa ya ini B, kwa ambaye hajachanjwa, ni kati ya sita na 30 kwa 100. Hatua za kitabibu wote wanazijua: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua jeraha, pima damu ya mgonjwa kwa ridhaa yake, anza dawa za kinga haraka iwezekanavyo, saa mbili za mwanzo zikiwa bora na saa 72 zikiwa mwisho, meza siku 28, rudia vipimo.

Kinachorukwa ni kipimo cha daktari mwenyewe siku ile ile. Kipimo hicho hakitibu chochote, ndiyo maana kinarukwa. Lakini bila jibu la siku ya tukio linaloonyesha alikuwa hana maambukizi, hakuna wa kuthibitisha kwamba maambukizi yaliyoonekana baada ya wiki sita au miezi mitatu yametoka wodini. Mfuko ukikataa, haujamwonea. Hauna karatasi.

Kwa nini kinarukwa? Saa nane usiku ofisi ya utumishi imefungwa. Mganga mfawidhi yuko nyumbani. Aliyechomwa anaona aibu, au anaogopa jibu lenyewe kuzunguka korido za hospitali anayofanya kazi. Anamwomba mfamasia rafiki yake dozi ya kinga, anameza kimya kimya, na asubuhi hakuna kilichoandikwa. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa WCF ndani ya siku saba tangu ajue, na dai lenyewe lina miezi 12; lakini mwajiri hajajua, na saa ya sheria haijaanza hata kutembea.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji bajeti mpya. Kila kituo kiwe na fomu ya tukio chumba cha dharura, siyo kwenye kabati la utumishi, na kiongozi wa zamu awe na mamlaka ya kuisaini usiku. Fomu iandike tarehe na saa, wodi, aina ya sindano kama ni yenye tundu au ya kushonea, kina cha jeraha, glavu ngapi zilikuwa mkononi, hali ya mgonjwa ikijulikana, na namba ya sampuli ya daktari badala ya jina lake. Sampuli iende maabara kwa namba hiyo. Jina libaki kwenye bahasha iliyofungwa kwa mtu mmoja anayejulikana. Nakala moja abaki nayo aliyechomwa. Kwa kifua kikuu hesabu ni hiyo hiyo: picha ya kifua ya siku ya kuajiriwa ihifadhiwe, kwa sababu bila ya kuanzia, picha ya leo haina cha kulinganishwa nacho. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu za mwezi sifuri, wa kwanza na wa sita, ithibitishwe kwa kipimo cha kinga mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho. Wengi wanachanjwa, wanaopimwa kama chanjo imeshika ni wachache, na cheti cha chanjo peke yake hakisemi hilo.

Sasa bima tunayoiomba. Hatuombi serikali imlipe kila daktari aliyeugua. Tunaomba masharti ya bima ya kipato ya kikundi yaandikwe vizuri mara moja, yasimamiwe na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na madaktari wachangie wenyewe kwa kusaidiana na waajiri. Kila kitu ndani ya mkataba kinaweza kujadiliwa isipokuwa tafsiri ya ulemavu, ambayo tunaipendekeza hivi:

"Mwenye bima atahesabiwa kuwa na ulemavu iwapo, kwa sababu ya ugonjwa au jeraha, hawezi kutekeleza majukumu makuu ya fani aliyokuwa akiifanya na kulipwa katika miezi 12 kabla ya ulemavu kuanza, hata kama anaweza kufanya kazi nyingine."

Maneno sita ya mwisho ndiyo bima yenyewe. Yaondoeni, muweke yale tunayoyakuta kwenye nyongeza nyingi za bima za maisha za kikundi, "hawezi kufanya kazi yoyote inayoendana na elimu, mafunzo au uzoefu wake", na daktari wa upasuaji hatalipwa kamwe. Elimu yake inamruhusu kufundisha, kukaa ofisini, kusimamia takwimu, kuuza dawa. Kwamba hakuna aliyempa kazi hizo si hoja mbele ya kifungu hicho. Upo pia mtego wa katikati: tafsiri ya fani kwa miezi 24 ya kwanza, kisha "kazi yoyote" kuanzia mwezi wa 25. Mkataba wa namna hiyo unaonekana mzuri siku ya kusaini na unakatika mwaka ule ule ambao akiba nayo imekwisha.

Tunaijua hofu ya kampuni za bima, na ina msingi. Marekani, ambako bima hii imekomaa kwa madaktari kuliko kwingine, kampuni katika miaka ya 1980 ziliuza mikataba mipana, ya bei isiyopandishwa, yenye malipo yaliyokaribia kipato chenyewe. Miaka ya 1990 vipato vya madaktari wengi vilipobanwa, kuwa mgonjwa kukawa na nafuu kuliko kwenda kazini, madai yakafurika, kampuni nyingine zikaacha kabisa kuiuza na zilizobaki zikakaza masharti. Kwa hiyo hatuombi malipo ya asilimia 100. Asilimia 60 inatosha kuishi na haitoshi kumfanya mtu asitamani kurudi kazini. Na akipata kazi nyingine, malipo ya bima pamoja na kipato kipya yasizidi kile alichokuwa akipata kabla ya kuugua.

Kipindi cha kusubiri, yaani siku kati ya kuugua na malipo kuanza, kisinakiliwe kutoka ng'ambo. Huko siku 90 ni mazoea. Kwetu, kwa walioajiriwa, kipindi hicho kishonwe na likizo ya ugonjwa. Siku ya 90 inamkuta mtu katikati ya nusu mshahara, na hapo mwajiri na bima wanaanza kusukumana nani anamlipa. Maoni yetu, ambayo wenzetu wengine hawakubaliani nayo, ni kwamba aliyeajiriwa asubiri siku 126 zote, kwa sababu kusubiri kwa muda mrefu ndiko kunakoshusha ada kuliko kitu kingine chochote: maradhi mengi huisha kabla ya hapo. Punguzo hilo litumike kurefusha malipo hadi mtu afikishe umri wa miaka 60, badala ya kulipwa kwa miaka miwili au mitano tu. Miezi minne ya shida familia huivuka kwa mikopo ya ndugu na kikoba. Kinachoivunja nyumba ni mwaka wa tatu. Asiye na mwajiri hana siku 63 wala 126, kwa hiyo kwake iwe siku 30, na alipie tofauti.

Kisha malipo ya sehemu. Ulemavu wa daktari mara nyingi ni nusu nusu: chumba cha upasuaji hawezi, kliniki anaweza. Tuseme yule bingwa wetu alikuwa na mshahara wa 3,000,000 na kazi za jioni za 1,200,000, jumla 4,200,000. Asilimia 60 ni 2,520,000. Akirudi kliniki tu na kipato kikashuka hadi 2,100,000, amepoteza nusu, basi alipwe nusu ya fao, 1,260,000, na jumla yake iwe 3,360,000. Mkataba unaolipa yote au sifuri unamlazimisha kukaa nyumbani ili alipwe, na nchi yenye upungufu wa madaktari inampoteza hata yule wa kliniki. Kiwango cha kuanzia kiwe kupotea kwa asilimia 20 ya kipato. Chini ya hapo ni kupanda na kushuka kwa kawaida kwa mapato.

Hapa tuwaambie ukweli wenzetu madaktari pia. Ile 1,200,000 ya jioni itahesabiwa tu kama imeonekana kwenye ritani ya TRA. Fedha ya bahasha haipo mbele ya kampuni ya bima, na hakuna Kamishna atakayeweza kuwatetea.

Makato ya mafao mengine nayo yanahitaji sentensi moja iliyonyooka. Ni haki kampuni ipunguze kile kilicholipwa na WCF, mtu asilipwe mara mbili kwa jeraha moja. Tatizo ni namna. Ule mkupuo wa 17,640,000 ukikatwa wote mwanzoni dhidi ya fao la 2,520,000 kwa mwezi, daktari hapokei chochote kwa miezi saba kamili, wakati mkupuo wenyewe umeshalipa madeni ya kipindi cha kusubiri. Kwa kuwa Mfuko umeukokotoa kwa miezi 84, ugawanywe kwa 84 vilevile: 210,000 kwa mwezi. Fao libaki 2,310,000, na baada ya miezi 84 lirudi kuwa kamili.

Lipandishwe pia kila mwaka, japo kwa asilimia 3. Bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, shilingi ya leo inabaki na nusu ya nguvu baada ya miaka 18 hivi, na bingwa wetu ana 22 za kusubiri.

Maradhi ya akili mara nyingi huwekewa kikomo cha miezi 24. Hatutagombana na kikomo chenyewe katika mkataba wa kwanza, mradi kisimguse aliyelazwa, na mradi kampuni isilete taarifa ya sonona kwa mwajiri. Daktari anayejua kwamba dai lake litasomwa na mganga mfawidhi hatadai, na hatatibiwa.

Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga uwe na sheria ya 12 kwa 12: kilichotibiwa katika miezi 12 kabla ya kujiunga kisilipiwe katika miezi 12 ya kwanza, kisha kilipiwe kama vingine. Anayehama hospitali, au kutoka serikalini kwenda binafsi, apewe siku 60 za kuendelea na bima yake bila kupimwa upya. Bila kifungu hiki, aliyepata kisukari akiwa kazini anafungwa na mwajiri mmoja maisha yake yote.

Bima hii ikiachwa iwe ya hiari, itakufa. Wa kwanza kununua watakuwa wale ambao mgongo umeshaanza kuuma. Madai yatazidi makusanyo, ada itapanda, wazima watatoka, itapanda tena. Njia inayojulikana ya kukwepa hilo ni kuwaandikisha watu wakiwa wengi, wakiwa vijana na kabla hawajaugua, bila kuwapima, hadi kiwango fulani cha fao. Mlango huo tunao tayari: kila daktari anapitia utarajali, na kila daktari anahuisha leseni yake kila mwaka kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Ada ya bima ya kikundi ikikusanywa hapo hapo, gharama ya makusanyo ni karibu na bure, na Baraza linajua nani anafanya kazi, wapi na kwa fani gani, taarifa ambazo wataalamu wa hesabu za bima wangelipia kuzipata.

Tunachoomba kwa kila ofisi, basi. Kamishna wa Bima atoe mwongozo wenye tafsiri ya ulemavu kwa fani, na azuie jina "bima ya kipato ya madaktari" kutumiwa na mkataba wowote wenye "kazi yoyote" ndani yake. Aeleze pia mapema kama bidhaa hii ni ya kundi la bima za maisha au la bima za jumla, maana jibu hilo linagusa kodi na linagusa nani anaruhusiwa kuiuza. Migogoro ya kitabibu ipelekwe kwa jopo la watu watatu, mmoja wao akiwa wa fani ile ile ya mdai, kabla ya kufika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Daktari wa magonjwa ya ndani asimpime peke yake mshona mishipa.

WCF itoe mwongozo ulioandikwa wa lini, na kwa kiasi gani, fani ya aliyeumia iongeze asilimia ya ulemavu, pamoja na mifano ya hesabu. Itamke pia kwa maandishi hali ya watarajali na ya wanaojitolea: wamo au hawamo, na kama wamo, nani anawachangia na kwa mshahara upi. Asilimia 70 ya nauli na chai si fidia. Kwa hao kiwekwe mshahara wa kukadiria, na tunapendekeza uwe ule wa kuanzia wa daktari wa serikali.

Wizara ya Afya ipeleke fomu ya tukio vyumba vya dharura na kuwapa viongozi wa zamu mamlaka ya kuisaini. Hilo halisubiri bima yoyote. Waraka mmoja unatosha.

Chama cha Madaktari kiwe mwenye mkataba wa kikundi, kipate zabuni kutoka zaidi ya kampuni moja, na kisome vifungu kabla ya kusoma bei. Kidai kuona mpango wa bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima nayo hujikatia kwa kampuni nyingine) wa kampuni itakayoshinda: fao la miaka 22 ni ahadi ndefu, na kampuni isiyogawana mzigo huo na wengine isipewe.

Watarajali wa awamu ijayo wataripoti vituoni wakiwa na barua ya kupangiwa, vyeti, na namba ya usajili wa muda. Tunaomba bahasha hiyo iwe na karatasi mbili zaidi: jibu la vipimo vyao vya kuanzia, lililofungwa, na ukurasa mmoja unaosema watalipwa nini, na nani, kuanzia siku ya ngapi.

Wenu katika kazi,

Madaktari na watu wa bima, Tanzania Bara